Siku Niliposema Nimeshiba

Watu hunisimamisha hapa sokoni Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, na kuniuliza kwa nini nakula chakula cha mtoto, na kwa nini natafuna kama mbuzi aliyefungwa kamba. Leo nawajibu wote kwa mara moja. Ninaandika pia kwa ajili ya mgonjwa aliyelala mahali fulani akidhani yamekwisha, kwa sababu na mimi nilidhani hivyo.

Kabla ya vita nilikuwa fundi cherehani Bukavu, kwetu Kongo. Nilikuwa mnene hasa. Wateja waliniita Tono, yaani pipa, na mimi nilicheka nao, maana kwetu kitambi cha fundi ni tangazo la kazi yake. Bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo nilimeza tu, meno yalikuwa pambo. Tulikula sahani moja, mimi na mama yangu, na kila siku yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoa mkono. "Mi nilishashiba," alikuwa akisema. Kisha alipeleka sahani jikoni, na huko akala nilichobakiza, akikusanya kwa vidole. Mama zetu wengi wako hivyo. Tunajua, na tunajifanya hatujui.

Tulipokimbia, mama alikuwa nami. Siku ya nne mwanamke mmoja kando ya njia alitupatia bakuli la mahindi na maharage. Mama alichota mara tatu, akafuta mkono kwenye kitenge chake.

"Kula, mwanangu. Mi nilishashiba."

Nilijua anadanganya. Nimeliandika hilo waziwazi kwa sababu kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Nilijua, na nikala haraka, na nikakwangua bakuli mpaka likalia. Siku mbili baadaye mama alikaa ukingoni mwa njia akasema miguu imekataa. Hakuinuka tena. Mimi na wakimbizi wenzetu tulimzika kwa jembe la kuazima. Wengine walisema ni malaria, wengine walisema ni uchovu, na huenda wote walisema kweli. Lakini bakuli lilikuwa mikononi mwangu.

Nilifika Dzaleka nimebaki mifupa, ila ulafi ulikuja nami bila kuchoka. Nilipata cherehani kuukuu na kibanda, na kila Jumatatu nilikwenda Old Town Lilongwe kununua nyuzi na vipande vya kitambaa. Chochote nilichowekewa nilikimaliza, hata tumbo likiuma. Neno "nimeshiba" lilikuwa limekufa kinywani mwangu. Nikilifikiria tu, nilimwona mama akifuta mkono.

Maumivu yalianza chini ya kifua, yanachoma kama pilipili iliyomwagika kidondani. Mgongo nao uliuma kwa kuinamia cherehani. Nilinunua aspirini dukani, nikameza asubuhi bila kula kitu, nikameza tena mchana. Mgongo ulitulia, tumbo likazidi. Basi nikaongeza vidonge. Choo changu kikawa cheusi kama lami. Nilikiangalia, nikasema ni majani niliyokula. Ndugu zangu, hayakuwa majani. Ile ilikuwa damu yangu mwenyewe, na mimi naitania.

Asubuhi moja nilikuwa nashona gauni la harusi. Kitu kilinichoma chini ya mbavu kwa ghafla, nikaanguka juu ya gauni la watu. Tumbo likawa gumu kama ubao wa kukatia nguo. Maumivu yalipanda mpaka begani. Aliyenisikia kwanza ni Mama Zuhura, mjane wa Kiislamu kutoka Kindu, aliyeuza maandazi mbele ya kibanda changu. Aliacha mafuta jikoni yanachemka.

"Bababa! Mukuje! Fundi anakufa!"

Wanaume walining'oa pale na kunibeba juu ya mlango wa kibanda changu mwenyewe. Tulipata gari la mizigo linaloelekea Lilongwe. Tulipopita Kanengo, penye viwanda vya tumbaku, harufu yake iliingia garini, nikatapika kitu cha kahawia kama mashapo ya kahawa. Mama Zuhura alinishika kichwa njia nzima. Hatukuwa hata ndugu wa ukoo mmoja, wala dini moja.

Hospitalini daktari alibonyeza tumbo langu mara moja tu. Nesi mmoja mzaliwa wa Karonga, kule mpakani na Tanzania, alijua Kiswahili, akawa ulimi wangu.

"Anasema una kidonda tumboni na kimetoboka. Uchafu unamwagika ndani. Asipokupasua leo, kesho hatakuwa na mtu wa kumpasua."

Nilipoamka nilikuwa na mpira puani, mwingine ubavuni, na mshono kutoka kifuani hadi kitovuni. Mimi fundi niliuangalia ule mshono. Mkono wa mtu yule ulikuwa mzuri. Walikuwa wamekata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuunga kilichobaki. Kwa wiki mbili Mama Zuhura alilala katika banda la wanaouguza, akanipikia uji mwepesi kwenye moto wa nje. Maandazi yake hayakuuzwa. Nilipogeuza uso nisile alinicheka: "Mgonjwa haulizwi uji, Fundi. Fungua kinywa."

Siku ya kutoka, daktari aliketi kitandani na kukunja ngumi, nesi akatafsiri.

"Tumbo lako sasa ni kiasi cha ngumi hii tu. Matonge sita madogo, mara sita kwa siku. Tafuna mpaka chakula kiwe uji kinywani. Maji usinywe pamoja na chakula, ngoja nusu saa. Sukari punguza. Na ukihisi kujaa, acha hapohapo, hata likibaki tonge moja. Hilo moja ndilo litakalokuua."

Nilisema ndiyo, zikomo, yaani asante. Kusema ndiyo ni rahisi ukiwa huna chakula mbele yako.

Kurudi kambini hakukuwa lelemama. Nguo zangu zote nilizipunguza kwa mkono wangu. Watu waliomjua Tono walinipita bila kunitambua. Siku moja nilikunywa chai yenye sukari kama zamani, na baada ya dakika chache moyo ulikimbia, jasho likanitoka, macho yakafifia hata sindano sikuiona, kisha tumbo likanikimbiza chooni. Nikaacha. Chai niliweza kuiacha. Sahani ndiyo iliyonishinda.

Mama Zuhura alichinja kuku wake wa pekee kushangilia kupona kwangu. Akapika wali, akaita majirani. Nikawekewa sahani yangu, imejaa, na paja juu yake. Nilikula matonge sita nikitafuna kila moja. Tumbo likaniambia basi. Nikabaki nageuzageuza wali kwa vidole, kimya.

Wenzangu wa Kongo mnajua kimya kile maana yake. Kwetu mtu akikukaribisha huonja kwanza mwenyewe, na chupa huifungua mbele ya macho yako, kwa sababu hofu ya sumu tumezaliwa nayo. Mgeni anayekwama katikati ya sahani bila kusema kitu, amesema kitu. Majirani waliacha kula. Mama Zuhura alinitazama, na uso wake ukabadilika.

"Fundi, unaogopa chakula yangu?"

"Hapana, mama."

"Nyinyi bantu ba Bukavu munaogopaka sumu mpaka kwa mwenye alibapikia uji! Ona." Alichota wali katika sahani yangu, akaula mbele ya wote, machozi yanamlenga. "Nilikufa mi? Niko muzima!"

Neno moja tu lingetosha. Nimeshiba. Lilifika kooni, nikamwona mama yangu na kitenge chake, likarudi chini. Basi nikala. Nilikula wali wote, nikala paja, nikakwangua sahani mpaka ikalia, na ule mlio niliujua. Mama Zuhura alifuta macho, akatabasamu. Majirani wakaendelea na mazungumzo yao.

Sikumaliza hata robo saa. Jasho lilinitoka mpaka shati likalowa, moyo ukagonga masikioni, nikahisi nyama imesimama mahali pa mshono wa ndani kama kizibo. Nilitapika, kisha nikawa natapika hewa. Hata mate hayakushuka. Kesho yake nilikuwa tena barabarani kwenda Lilongwe, na Kanengo ilinuka vilevile.

Daktari alipitisha mpira kooni na kuitoa ile nyama kidogo kidogo. Alikuwa amekasirika kweli. Nesi alitafsiri bila kupunguza: "Anasema mshono ungeachia ungekufa kabla ya jioni. Hakukupasua ili ujimalize kwa mkono wako. Ikitokea tena, hana pa kukata."

Mama Zuhura alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikuja akakaa. Alionekana mzee kuliko juzi.

"Mi njo nilikulazimisha."

"Hapana, mama."

"Sasa juu ya nini haukusema tu, nilishashiba?"

Ndipo nikamweleza. Bakuli, mahindi, mkono uliofutwa kwenye kitenge, kaburi la jembe la kuazima. Nililia kwa sauti, na kulia kuliumiza mshono.

"Mama yako alisema ameshiba na njaa iko ndani," akasema Mama Zuhura. "We utasema, na umeshiba kabisa. Haiko kitu moja, mwanangu. Tukirudia kambini, tutakulaka sahani moja. We utabakisha, mi nitamaliza."

Nisiwafiche: maneno yale yaliniogopesha kuliko kisu. Mtu mwingine ale nilichobakiza, tena mama.

Tuliporudi aliweka sahani moja ya wali na dagaa katikati yetu. Nilikula tonge la kwanza, nikatafuna. La pili. La sita lilipopita, mkono wangu ulitaka kwenda tena wenyewe. Niliuvuta. Niliufuta kwenye suruali.

"Nimeshiba, mama."

Aliivuta sahani upande wake akala, akikusanya wali kwa vidole taratibu. Nyumbani sikuwahi kuingia jikoni kuangalia. Siku ile nilikaa nikaangalia mpaka mwisho. Alishiba. Alipiga hata mbweu, akacheka.

Namshukuru Mungu, daktari yule, nesi wa Karonga, na Mama Zuhura aliyepoteza wateja na kuku kwa ajili yangu. Wewe unayeumwa tumbo, usimeze aspirini juu ya njaa, na choo kikiwa cheusi usikitafutie jina zuri, nenda hospitali. Wewe uliyekatwa tumbo, kaa chini ule, tafuna, na useme mapema kwa waliokualika kwamba unakula kidogo, wasije wakakaa na uchungu. Na ninyi mnaokaribisha wagonjwa, sahani isiyoisha si tusi.

Mimi sijapona bakuli lile. Bado nalisikia likilia, hasa chakula kinapokuwa kitamu. Kila mlo nabakiza tonge moja. Mama Zuhura akiwepo, hulila yeye. Akiwa safarini, nalifunika kwa sahani nyingine na kuliweka jikoni, na asubuhi nalikuta palepale, limepoa, hakuna aliyeligusa.