Matete ya Bi Tausi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Hapo kwenye bustani yenu mpya ya mapumziko, mjini Kilosa, palikuwa na kiwanda cha mkonge. Mimi nilikuwa kwenye kundi la kuanika nyuzi juani, kwenye waya zilizoishia hatua chache kabla ya Mto Mkondoa. Kati ya waya na mto kulikuwa na matete marefu.

Siku hiyo kulikuwa na harusi kijijini Mabwerebwere, nami nilikuwa na gauni jipya. Waya hazikutosha na kazi ilikuwa bado nyingi. Nikawaambia wenzangu, "Tufyeke matete, turefushe waya mpaka mtoni, tuwahi kuondoka." Tukafyeka, na mizizi tukang'oa. Harusini nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, sikudanganyi!

Masika yalipofika, mto ulikula ukingo wote tulioufyeka. Waya zetu zikaenda na maji, na bustani ya mchicha ya Bi Tausi iliyokuwa kando yake nayo ikaenda. Huyu alikuwa mjane aliyetupikia uji pale kiwandani, na mchicha huo ndio uliomsaidia kusomesha wajukuu. Nililia, mwanangu. Nikamfuata kwake na khanga mpya mkononi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Hiyo khanga itazuia mto?"

Nikaikunja khanga, nikaibana kwapani.

"Basi kesho njoo na jembe."

Tukapanda matete safu tatu, mimi nikichimba, yeye akinicheka ninavyoshika jembe. Masika ya pili ukingo ulishika. Akapanda mchicha tena, na fungu la kwanza akanipa mimi.

Kiwanda kilikuja kufungwa, pakabaki vichaka na vyuma chakavu. Sasa mmepafanya bustani, na moyo wangu hufurahi kila nikiona watoto wakibembea pale tulipoanika mkonge. Ila juzi wewe na wenzako wa kamati ya bustani mmesema Jumamosi mtafyeka matete ili mto uonekane vizuri kwenye picha. Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikaogopa. Hayo ni matete yetu, mimi na Bi Tausi.

Nakuomba hivi: wanaotaka kuuona mto, wajengeeni jukwaa la mbao, matete yabaki. Na popote utakapokuta kitu kimesimama, kabla hujakiondoa uliza aliyekiweka alikuwa anazuia nini. Ukikosea kama nilivyokosea mimi, usimwendee uliyemkosea na zawadi tu, nenda na jembe.

Mwenyezi Mungu akubariki, akupe umri mrefu, uje uwasimulie wajukuu wako haya haya ukiwa umekaa kwenye benchi pale bustanini, na ukingo bado uko chini ya miguu yenu.