Muhuri wa Chebet

Jameni, leo nimemgombeza mama wa usafi juu ya doa la wino.

Kamusi za maandishi makubwa zimefika maktaba yetu hapa Eldoret. Chebet wa Form Three ndiye aliyeziomba mwaka jana, macho yalipoanza kumsumbua.

Kwetu, aliyeomba kitabu ndiye hukipiga muhuri wa kwanza. Nikamfungulia kamusi, nikamwekea muhuri mkononi.

Akapiga kwa nguvu.

Akapiga meza.

Kamusi ilikuwa hapo kando tu, na herufi zake hata mimi nazisoma bila miwani! Sikujua macho yamefika hapo.

Akatabasamu. "Umetoka vizuri, Madam?"

"Umetoka vizuri sana, mum," nikamjibu.

Jioni mama wa usafi akaja na kitambaa pale mezani.

Ingekuwa ni nyinyi, mngemwacha afute?