Mijusi walivyoniingiza kwenye kesi ya nusu mita Ndosho

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii siyo chai. Anayetaka chai ahamie uzi mwingine, mimi yamenikuta hapa hapa Goma na bado yananiuma kidogo.

Nilikuwa namalizia chuo. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani ya mijusi wa Ndosho, mtaa wa hapa mjini: yupi wa asili, yupi wa kuletwa.

Unamwona mjusi, unapiga picha, unachukua GPS, unajaza fomu. Mwenye kichwa cha buluu niliandika wa asili. Yule mweupe wa ukutani, anayesafiri na mizigo ya malori, niliandika wa kuletwa.

Ili nisihesabu ukuta mmoja mara mbili, nikawa naweka alama ya chaki. Hapo ndipo nilipojichongea.

Huku kwetu watu wanaandika ukutani "parseli haiuzishwe", maana kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu watatu. Ukipita na simu unapima na kuchora kuta za watu, hakuna atakayekuita mwanafunzi.

Siku ya pili nikaitwa kwa shefu wa avenyu, yaani mkubwa wa mtaa. Nilijua nafukuzwa. Kumbe nina kazi.

Mama Neema, muuza makala, yaani mkaa, na jirani yake Papa Safari walikuwa wanagombea nusu mita. Juu ya hiyo nusu mita kuna jiko la Mama Neema, anapopikia watoto wanne. Papa Safari anataka livunjwe. Kila mmoja anadai alitangulia, na karatasi zao zinafanana hadi mihuri.

"Njo weye unajuaka nani alitangulia hapa na nani alikuya nyuma?" shefu akaniuliza.

"Ni mijusi tu, muzee."

"Njo vile. Mujusi haiwezi kudanganya. Kama ya kwa mama ni ya zamani, ukuta yake pia ni ya zamani."

Nikaeleza mpaka koo likakauka. Akaitikia kwa adabu, kisha akapanga siku ya kesi.

Siku hiyo viti vilipangwa kando ya jiko la Mama Neema kama msibani. Papa Safari akaja na bidoni, dumu la njano lililokatwa juu. Ndani, kichwa cha buluu mkubwa, mzuri kuliko wote niliowahi kupiga picha.

"Huyu alizaliwaka kwangu," akasema.

"Anakulaka nini?" shefu akauliza.

"Bugali."

Mke wake, maskini, akataka kumsaidia. "Papa, usimutikise sana, tangu Kibati kwa moto amechoka."

Kumbe mjusi kaletwa kwa pikipiki kutoka Kibati, nje ya mji. Watu walicheka mpaka wengine wakasimama.

Zamu ya Mama Neema ikafika. Nyuma ya gunia la makala palikuwa na mjusi mmoja tu, mweupe. Wa kuletwa. Fomu ilikuwa mkononi mwangu na mama ananitazama.

Nikasema mjusi hathibitishi ukuta wa mtu, na sisemi zaidi.

Shefu akaandika: mjusi wa Papa Safari ni shahidi wa kununuliwa, wa mama amenyamaza. Jiko libaki. Nikatia saini kama mtaalamu, wakuu, mbele ya watu wazima.

Nilipokuwa natoka, Mama Neema akaniuliza karatasi yangu ilisema nini kuhusu mjusi wake. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia ni mgeni.

Akaliangalia jiko lake.

"Mi nilikimbiaka vita toka muji ya Kiwanja na mutoto mugongoni. Batatu nimebazalia hapa. Ule mujusi akizalia hapa, batoto yake utabaandika nini?"

Darasani jibu lipo, la mistari miwili. Pale jikoni kwake niliona aibu kulitamka.

Funzo: usiingie mtaa wenye ugomvi wa viwanja na orodha ya nani alitangulia, hata kama ni ya mijusi.

Ramani nimeiwasilisha, nimepita. Nukta ya jiko lile nimeiacha bila rangi, si ya asili wala ya kuletwa, na profesa hajauliza.

Wenye ujuzi shukeni hapa chini, hata wa kunitukana karibuni: kiumbe akae mahali muda gani ndipo tuache kumwita mgeni?