Kona ya Chini, Penye Nduma

Shamba la shemeji yangu huku Gatitu nimelilima tangu hawa vijana wa kupanga mashindano ya magari hawajazaliwa. Walikuja Februari, jua kali, wakachora njia kwa chokaa: kutoka getini moja kwa moja, kona kali kwenye mti wa mwerezi, mteremko, kona ndefu huko chini, kisha kupanda tena. Nikamwambia mkubwa wao, "Hapo chini nilikuwa na nduma, yale magimbi yanayopenda maji. Juu pakavu, ndani ni uji."

"Shosho, tumepima," akasema, kama mtu anayembembeleza bibi yake, akinionyesha karatasi.

Ati wamepima. Hakuna nduma inayoota kwenye karatasi.

Mimi singejali, lakini mjukuu wangu wa kike alikuwa anaendesha. Ana jina langu, kama desturi yetu, kwa hivyo akiaibika yeye nimeaibika mimi. Miaka miwili amelala chini ya hilo gari kuukuu akilitengeneza, na alitaka kitu kimoja tu: kumaliza, maana mwaka jana lilimfia njiani. Nikamwambia kona ya chini aizunguke mbali, apite juu ya majani.

"Cucu, ndani ndiyo fupi," mjukuu akanijibu.

"Fupi ya kwenda wapi?"

Mashindano yakafika Aprili, mvua imenyesha wiki nzima. Raundi tatu alinitii. Ya nne, ya mwisho, akaona aliye mbele yake anayumba, akaingia ndani ili ampite. Gari likazama mpaka tumboni. Nikashika kichwa. Mtoto amesikia, ameelewa, amefanya, halafu anaacha akiwa amekaribia kufika. Hata mbuzi hafanyi hivyo.

Nikakata napia, yale majani marefu ya ng'ombe, kwa panga, nikashuka nayo. Msimamizi akanizuia: mtu mwingine akigusa gari, dereva anatolewa.

"Nani amegusa gari? Mimi natupa majani kwa shamba letu." Nikayatupa. Nikamgeukia mjukuu: "Na wewe, acha kuniangalia. Shuka uyaweke chini ya tairi."

Msimamizi akapekua sheria zake, hakukuta neno la majani. Msichana akashuka, tope magotini, akayapanga. Gari likanguruma, likateleza, likatoka.

Alivuka mstari akiwa wa mwisho kabisa, wenzake wameshavua kofia. Lakini alivuka. Akaja akinieleza ati ni breki zilizomwingiza kule ndani. Nilikuwa na maneno ya kujaza debe. Nikaona tope bado limemganda magotini, nikammiminia chai kwanza.