Mlangoni na Kuku wa Mama

Kwetu mtaa wa Kibokoni mwanamke hachinji kuku. Si kwamba dini imekataza. Bibi yangu husema aliwahi kuuliza akaambiwa yafaa. Ni mazoea tu. Nyumba ikiwa haina mwanamume, mwanamke humtia kuku kwapani, hushika kisu kwa mkono wa pili, husimama mlangoni, na mwanamume wa kwanza kupita huitwa: "Kaka, nichinjie." Naye huweka chini alichobeba, huelekea kibla, hupiga bismillahi, akamaliza, akaenda zake. Tangu utotoni nimeona jambo hilo likimalizika upesi kuliko kununua kiberiti. Sikujua kwamba mtu anaweza kusimama pale akashindwa kufungua mdomo.

Nyumbani tumebaki wawili, mimi na bibi, mamake mama. Mama alitutoka, sasa ni mwaka wa pili. Alituachia cherehani, mti wa mwasumini uani na kuku mmoja mwekundu. Wenzake wanne walichinjwa siku za matanga, wakaliwa na watu waliokuja kutupa pole. Huyu alijificha nyuma ya tangi la maji. Alipotoka siku ya nne, bibi alimtazama, akasema, "Huyu mwacheni." Hakuna aliyemgusa tena.

Mimi ni mtu wa ndoto. Skuli niliishia kidato cha pili, lakini ndoto hazitaki cheti. Kuku akitaga yai moja, mimi kichwani nishafungua duka la mayai, lina kibao cha buluu na wateja wamepanga foleni mpaka msikitini. Siku moja nilimweleza bibi mpango wote: kuku mmoja atazaa kumi, kumi watazaa mia.

"Na jogoo?" akaniuliza, huku akichambua mchele. "Yuwaja kwa posta?"

Tulicheka mpaka mchele ukamwagika, na kuku akaja mbio kuudonoa.

Basi alipoacha kutaga na tumbo likaanza kujaa, mimi nilifurahi. Nilimwambia bibi anaweka akiba, ipo siku atayatoa yote kwa pamoja. Bibi alimpapasa chini ya mkia akasema yai limekwama. Tukafanya kama alivyofanya mama zamani: maji ya uvuguvugu kwenye karai, kuku ndani mpaka mbavuni, kisha mafuta ya nazi kidogo pale nyuma. Siku tatu mfululizo. Alikaa ndani ya maji amefumba macho, ametulia kama kizee aliyekwenda kuogeshwa na wajukuu. Nikampiga picha. Picha hiyo ninayo bado kwenye simu, nami siwezi kuitazama, kwa sababu ukiiangalia vizuri unaona mdomo wake umeachama, anatafuta pumzi, na kando yake kuna kidole changu, na najua kwamba wakati ule nilikuwa nacheka.

Siku ya nne alikuwa akitembea kifua juu, miguu ameitanua, kama mama wa miezi tisa anayeshuka ngazi. Manyoya ya tumboni yalikuwa yamepukutika, ngozi nyekundu, imevutika. Bibi aliweka kiganja chake pale, akakitikisa taratibu.

"Hebu ndoo hapa utie mkono," akaniita. "Hili si yai. Yai halichezi."

Niligusa. Lilikuwa kama mfuko wa maji uliofungwa fundo.

Nilimtia kwenye kikapu cha sokoni, nikamfunika kwa leso ya mama, ile aliyokuwa akijitanda, nikachukua tuktuk mpaka Ganjoni kwa daktari wa mifugo. Dereva alipoona kichwa kimechomoza aliniuliza, "Dada, huyo wampeleka hospitali? Kwetu kuku akiumwa hospitali yake ni sufuria." Nikacheka naye, maana kucheka kwangu ni kwepesi, lakini mkono wangu nilikuwa nimeuweka juu ya leso nahesabu anavyohema.

Daktari alikuwa mzee mpole, amezoea paka na mbuzi zaidi. Alimshika kwa heshima. Akanieleza kwa maneno ya kawaida: kiini cha yai badala ya kufuata njia yake huangukia ndani ya tumbo, huko kinaoza, tumbo linajaa maji, na maji yanabana mapafu. Akachoma sindano pembeni mwa tumbo, akavuta kidogo kidogo. Alisema akiyatoa yote kwa mara moja kuku anaweza kuzimia. Maji yalikuwa ya manjano, kama chai ya rangi isiyokolea.

"Yatarudi, daktari?"

"Yatarudi, binti yangu. Nimempumzisha tu, sikumponya." Akafuta mikono. "Ukiona ameacha kula na anahema kwa mdomo, usimngoje."

Nilisikia yote hayo. Lakini katika yote nililobeba nyumbani ni neno moja: nimempumzisha.

Na kweli alipumzika. Jioni ile alikula chenga za mchele, zile ambazo mwenye duka la mkabala, mzee wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, alikuwa akimwekea tangu enzi za mama. Kesho yake alikwenda kwenye cherehani, mahali ambapo mama alikuwa akikaa, akalala pale chini ya pedali. Nikamwambia bibi amepona. Siku ya sita baada ya sindano tumbo lilikuwa limerudi kama lilivyokuwa, na siku ya nane aliacha kula.

Asubuhi ile bibi alinipa kisu, kimenolewa.

"Mtoe mlangoni. Asife kibudu, bila kuchinjwa."

"Lakini bibi, huyu hata hatumli. Yale maji ya tumboni..."

"Nani kakwambia wa kumla? Tutamzika. Yuwateseka, mwanangu. Mamako hangemwacha hivi."

Nikatoka, kuku kwapani, kisu nimekificha ndani ya leso. Alikuwa mzito upande wa chini na mwepesi kila mahali kwingine. Mfupa wa kifua ulinichoma mkononi. Alihema kwa mdomo, kila pumzi na mlio mdogo, kama mlango unaotaka mafuta.

Wa kwanza kupita alikuwa kijana wa mkokoteni wa maji. Nikajiambia ana haraka. Wa pili alivaa kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Nikajiambia itaingia damu. Alinisalimu, nikamwitikia, akapita. Kichwani mwangu ndoto zilikuwa zimeshaanza: pengine nimrudishe Ganjoni, pengine safari hii maji yatatoka yote, pengine ipo dawa ambayo daktari aliisahau, na kuku atakaa chini ya cherehani miaka mingine mitano.

Wa tatu nilikuwa sina udhuru wa kumtafutia. Ni yule mwenye duka. Alikuwa anafungua mlango wa duka lake, akaniona, akavuka kichochoro polepole. Alimtazama kuku, akautazama mkono wangu uliojificha ndani ya leso. Amekaa kwenye mtaa huu tangu kabla mama hajazaliwa, hakuhitaji kuambiwa.

"Binti, nimchinje?"

Nikasema, "La, mzee. Nimetoka naye apunge hewa tu."

"Haya, mama," akasema. "Ukinihitaji, mimi nipo." Akarudi dukani.

Nikakaa kwenye baraza. Kuku alinyoosha shingo kana kwamba anataka kuangalia kitu mbali. Alipiga mbawa mara mbili, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, nami nikambana nikimwambia tulia, tulia. Mara ya tatu alijikaza mwili mzima, kisha ule mlio ukakatika. Kisu kilikuwa bado ndani ya leso. Mwenye duka alikuwa mlangoni pake. Aliinamisha uso, asinitazame.

Bibi alipotoka alimgusa kuku shingoni, akakaa kando yangu. Nilidhani atanikemea, na ningependa anikemee.

"Ulijionea huruma wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Kuku hukumwonea."



Tulimzika uani, kwenye udongo kidogo ulio chini ya mwasumini. Kwingine kote ni saruji. Nilichimba mimi, kwa kijiko cha kupakulia wali, maana jembe hatuna. Bibi alimfunga kwa kitambaa alichokikuta kwenye droo ya cherehani, kipande cha gauni ambalo mama hakulimaliza. Nilipomfukia, bibi alinyoosha mkono nimpe kisu, akakitazama pande zote mbili, akanirudishia.

"Kioshe, ukirudishe mahali pake."

"Hakina damu, bibi."

"Kioshe tu."