Yule Mama Niliyemhamisha Kwenye Kona

Nina gereji ndogo Majengo, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisaidia klabu yetu ya mbio za magari. Si mbio kubwa. Ni watu wenye kazi zao, wananunua magari ya zamani, wanayakarabati, kisha Jumamosi mojamoja wanayakimbiza kwenye barabara za vumbi. Mimi sishindani. Napita njia nzima kabla ya wengine na kuamua wapi yapangwe matairi, wapi ifungwe kamba, na watazamaji wasimame wapi.

Mwaka juzi kazi hiyo niliifanya kwa mara ya kwanza upande wa Kilema, mlimani, kwenye barabara ya udongo inayoteremka katikati ya migomba na kahawa. Kona moja ilinisumbua. Magari yalifika pale yakiwa na kasi, na gari likishindwa kukata kona hutupwa upande wa nje. Kila anayefanya kazi hii anajua hivyo. Basi nikafunga kamba upande wa ndani, kwenye majani, nikaamua kwamba upande wa nje asibaki mtu.

Asubuhi ya mbio nikamkuta mama mmoja amekaa upande huo huo wa nje, kwenye kigoda, juu ya ukingo wa kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba yake. Amevaa kitenge cha kanisani, chupa ya chai iko miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha chai. Nikamweleza kwamba pale hapafai. Akasema kila mwaka anakaa hapohapo, na tena ni kwake.

Alisema kweli, na pale palikuwa salama. Ukingo ule ulizidi kimo cha mtu, gari lisingeweza kuupanda. Ila mimi sikuutazama ukingo. Nilikuwa nafikiria utaratibu tu. Nikamwomba radhi kwa kumsumbua nyumbani kwake, nikamshika mkono akateremka, nikamvusha barabara. Nikamtafutia nafasi mbele kabisa, karibu na kamba, ili aone vizuri.

Magari ya mwanzo yalipita salama. Kisha likaja moja ambalo dereva wake alitaka kufupisha njia, akakata kona kwa ndani mno. Gurudumu la mbele likapanda jiwe lililofichwa na majani, gari likainuka, likalala ubavu na kuburuta kamba. Watu walikimbia. Yule mama hakuwahi.

Nilimkuta chini, mguu umepinda chini ya goti. Hakulia. Aliniuliza kama dereva amepona. Tulipokuwa tunampakia kwenye gari nikainua macho upande wa pili. Kigoda kilikuwa palepale juu ya ukingo, na chupa ya chai imesimama kando yake.

Klabu ilikaa kikao. Wakasema mimi sikukosea: kamba ilikuwa mahali pake, mkosaji ni dereva, na wakamfungia. Walisema hivyo kwa wema, mmoja baada ya mwingine, nami nikazidi kuona haya. Wangenilaumu, labda ningepata cha kujitetea.

Nilikwenda hospitali na mke wangu, tumebeba supu. Binti wa yule mama alikuwa kando ya kitanda. Alimpokea mke wangu vizuri. Mimi hakunipa hata mkono. Nikamwambia mama kwamba nimekuja kumwomba msamaha.

“Unajua kwa nini niliondoka pale?” akaniuliza.

“Hapana, mama.”

“Ungenifokea, nisingetoka. Lakini uliniomba vizuri.”

Hakusema kwa hasira. Alinieleza tu jambo lilivyokuwa. Nyumbani kwetu tulilelewa kuwaheshimu wakubwa, na sikuwahi kufikiri kwamba adabu yangu ingeweza kumvunja mtu mguu.

Mwaka jana klabu ikanipa kazi ileile. Nikakataa barabara zote za vihambani. Nikachora njia huko tambarare, kwenye shamba la mkonge lililoachwa, kona zikiwa pana, watazamaji wote wakiwa mbali nyuma ya tuta la udongo. Na safari hii kila mahali nilipopanga watu wasimame, nilisimama mwenyewe kwanza, nikapekua majani kwa mikono. Madereva walinung'unika kwamba njia haina raha. Watu wa mlimani hawakuja. Hakuna aliyeumia, lakini nilirudi nyumbani bila nafuu yoyote moyoni.

Siku iliyofuata nilipanda kwenda kwa yule mama. Sasa alikuwa akitembea kwa mkongojo. Nilimweleza tulivyoihamisha njia, nikidhani atafurahi. Akauliza kama magari hayatapita tena pale kwake. Nikasema hayatapita.

Akasema alikuwa akizipenda zile mbio. Tangu mumewe afariki, siku ile ndiyo pekee iliyoleta kelele na watu barabarani kwake. Nikabaki nimeshika kikombe cha maziwa alichonipa.

Binti yake akatokea nyuma ya banda la ng'ombe na panga mkononi. Tangu hospitali alikuwa hajanisemesha.

“Majani ya ng'ombe hayajakatwa,” akasema, akaninyooshea mpini wa panga lile.

Nikakiweka chini kikombe, nikalipokea panga, nikamfuata migombani. Mimi nilikata, yeye akafunga, tukabeba kila mtu mzigo wake hadi bandani.