Jibu la Sita

Mjukuu wangu wa kike alipoitwa kuhojiwa na chuo cha udaktari, alirudi nyumbani na karatasi aliyopewa na mwalimu wake wa biolojia. Ilikuwa na maswali kumi na mawili yanayoulizwa mara nyingi, na majibu yake, yote kwa Kiingereza. Mahojiano yangefanywa kwa kompyuta, hapa hapa nyumbani Garissa, baada ya majuma matatu.

Kiingereza mimi sijui. Kiswahili chenyewe nilikipata ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na wajukuu tayari. Lakini kushika maneno najua. Kurani niliishika kabla sijajua maana ya neno moja la Kiarabu, na babu zangu nawataja mmoja mmoja mpaka msikilizaji achoke. Nikamwambia anisomee ile karatasi. Kwa siku nne nikawa nimeishika, sauti kwa sauti, bila kujua inasema nini.

Basi kazi ikaanza. Kila siku baada ya alasiri aliketi mkekani mbele yangu, macho chini, akatoa jibu la kwanza mpaka la mwisho. Akibadilisha sauti moja, nilimfinya paja nikazungusha vidole, akaanza upya. Chai yake ilipoa pale pale. Hakuigusa kabla hajamaliza.

Siku moja akaniambia, "Ayeeyo," maana ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita nyanya, "mwalimu alisema hii ni mifano tu. Nitajibu kwa maneno yangu."

"Maneno yako yana nini?"

"Wanataka kunijua mimi."

"Wakikujua hawatakuchukua. Rudia."

Majirani walikuja kutazama kama watu wanaotazama mnada. Mmoja akanyoosha mguu. "Daktari, goti hili linaniuma. Ninywe nini?"

"Huyo hajibu mpaka afinywe," akasema mwenzake.

Majina yao nayakumbuka yote, na ya watoto wao. Siyaandiki, kwa sababu aliyecheka zaidi ni mimi.

Siku ya mahojiano mwanangu, babake, alileta kompyuta ya ofisini kwao. Mjukuu akaniomba niende kwa jirani. Nikasema haya, nikazunguka, nikaketi nyuma ya pazia la mlango.

Walikuwa watu watatu, sauti ya mwanamke na za wanaume wawili. Majibu yalitoka kwa mpangilio ule ule wa karatasi, nami nikayahesabu kwa tasbihi. La tano lilipokwisha, yule mwanamke akauliza jambo, na mjukuu wangu akanyamaza.

Kwetu mtoto akinyamaza mbele ya mwalimu wa Kurani, amesahau. Aliye karibu humpa neno la kwanza. Nilingoja. Nikampa neno la kwanza la jibu la sita, kisha la pili, na kwa kuwa lilikuwa limekaa vizuri mdomoni mwangu, nikalisema lote kwa sauti.

Kule kwenye kompyuta mtu akacheka. Mwanamume mmoja akasema kitu kwa ukali. Mjukuu wangu akainuka, akavuta pazia, akageuza kompyuta ili wanione nilivyoketi. Hazikupita dakika mbili, wakaaga.

Nikamuuliza, "Walikuuliza nini?"

"Lini nilimkosea mtu, na nilifanya nini baadaye."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nafikiri. Jibu nilikuwa nalo."

Chuo kilimkataa. Nami nikawaambia watu kwamba alisahau. Niliwaambia akiwa pale pale, akiwamiminia chai, na hakunikanusha.

Mwaka uliofuata chuo kingine kilimwita. Nilipoambiwa, nilitandika mkeka. Akasimama mlangoni, akazungumza na mamake kana kwamba mimi ni mzigo uliowekwa pale. "Ayeeyo apelekwe kijijini Kotile kwa kaka yake. Asipoondoka, naondoka mimi."

Mwanangu akanipeleka kesho yake asubuhi. Njiani alisema ni siku chache tu. Nilikaa Kotile mpaka mvua ikaja na kwisha. Simu ya kaka yangu ililia mara nyingi, na kila mara nilisogea karibu. Hakuna aliyeniulizia.

Mwanamke mmoja anayenunua maziwa kwetu kuyapeleka Garissa ndiye aliyenisalimia asubuhi moja akitabasamu. "Hongera, mama. Binti yenu ameshaanza masomo ya udaktari Nairobi, huu ni mwezi wake wa pili. Walimfanyia karamu kubwa. Sikukuona."

Nikamwambia nilikuwa na habari hiyo tangu zamani, kisha nikamuuliza walichinja mbuzi wangapi.